Ubapa Mmoja wa Lori

Kamani ilivunjika siku ambayo gari halikubeba kitu. Jambo hilo lilimsumbua dereva kwa miaka mingi kuliko hata gharama ya matengenezo. Asubuhi ile ya mwaka 2009 alikuwa ameshusha magunia ya chumvi ya Katwe kwenye duka moja la Kyondo, juu katika vilima vya Rwenzori, akanywa chai kwa muhogo, kisha akaanza kuteremka kuelekea Bwera na bodi tupu. Kwenye kona ya tatu gurudumu la nyuma la kushoto lilitumbukia katika mfereji mwembamba uliochimbwa na mvua ya usiku. Mlio ulitoka chini kama mti mkavu unaokatika. Gari likainama upande mmoja, likajikokota mita chache kama mbuzi aliyevunjika mguu, likasimama.

Alikuwa na umri wa miaka 27. Juma moja tu kabla ya hapo, gari lilelile lilikuwa limevuka daraja la Katunguru na shehena ya samaki na barafu iliyozidi tani moja, vijana wawili wameketi juu ya makasha, na halikutoa hata sauti. Iweje chuma kishinde mzigo, kisha kishindwe na hewa?

Katunguru ni kituo kidogo cha wavuvi na wasafiri magharibi mwa Uganda, kando ya Mfereji wa Kazinga, maji yanayounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Barabara kuu inayotoka Mbarara huvuka mfereji huo kwa daraja, viboko wakiwa chini na tembo pengine mbele, maana pande zote mbili ni Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Ukiendelea kaskazini unafika Kikorongo, penye alama ya mstari wa ikweta. Hapo njia zinagawanyika: moja inaendelea hadi mji wa Kasese, nyingine inakata kushoto kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe, safari isiyofika kilomita 40.

Hadi hapo ni lami. Lakini riziki ya pikapu haikai kwenye lami. Ngege hupakiwa mwaloni Katunguru. Chumvi huvunwa Katwe, katika mabwawa madogo ambamo watu husimama ndani ya maji makali tangu enzi za mababu, na siku zile barabara ya kwenda huko ilikuwa ya murramu yenye mikunjo kama bati. Kahawa hushuka kutoka Kyarumba, Kyondo na Karambi kwa njia ambazo kila msimu wa mvua huzichora upya. Ziwa Edward liko zaidi kidogo ya mita 900 juu ya usawa wa bahari; kutoka hapo ardhi hupanda, vijiji vikiwa vimeng'ang'ania miteremko, hadi kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Gari moja, kwa siku moja, hubeba kama punda kwenye lami, hupanda kama mbuzi kwenye mawe, na jioni hurudi tupu.

Gari la dereva huyo lilikuwa Toyota Hilux ya mwaka 1996, lile umbo la LN106 lenye injini ya dizeli aina ya 3L na kamani mbele na nyuma. Wasomaji wengi wanaijua kamani hata kama hawajui jina lake: ni bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, ndefu juu, fupi chini, zikabanwa kwenye ekseli kwa boliti za umbo la U. Neno lenyewe limetufikia kupitia kwa Wahindi, na asili yake ni Kiajemi, ambako kaman ni upinde. Jina hilo linafaa kweli, maana kamani ni upinde ulioshikilia gari. Mwaka 1804 Obadiah Elliott wa London alipata hataza ya kuweka pinde za namna hiyo chini ya magari ya farasi, na zaidi ya miaka 200 baadaye pikapu nyingi duniani bado zinakalia wazo hilohilo kwa nyuma. Sababu yake ni nzuri. Kamani hubeba uzito, na papo hapo huishika ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Kazi mbili kwa chuma kimoja, na fundi wa kijijini anaweza kuifungua kwa jeki, spana na nyundo.

Kosa lilianza kwa nia njema. Hilux ile ikipakiwa samaki ilikuwa inainama nyuma mpaka taa za mbele zinamulika matawi ya mitupa badala ya barabara, na mtu anayeendesha usiku katikati ya hifadhi anahitaji sana kuiona barabara. Akaenda gereji moja, akaeleza shida yake. Fundi akatafuta kwenye rundo la vyuma, akatoa ubapa wa kamani ya lori, akaukata, akautia kwenye moto wa makaa hadi ukawa mwekundu, akaukunja kwa nyundo ufuate mkunjo wa zile nyingine, akauingiza chini ya ubapa mkuu. Kila upande ubapa mmoja. Vile vibanio vidogo vya chuma vinavyozikumbatia bapa zote visingeweza tena kufunga, kwa kuwa furushi lilikuwa limenenepa. Akaviweka kando. Gari likasimama juu kama jogoo, dereva akalipa na kushukuru.

Kwa mzigo, lilipendeza kweli. Bila mzigo lilibadilika tabia. Kwenye mikunjo ya njia ya Katwe sehemu ya nyuma ilikuwa ikidunda na kutambaa pembeni, kana kwamba inataka kuipita ile ya mbele. Dereva aliona hiyo ndiyo bei ya nguvu.

Hesabu ingemwambia mapema, na ni hesabu ambayo kila mwenye pikapu anastahili kuijua. Ugumu wa ubapa hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake: unene mara unene mara unene. Bapa za kamani yake zilikuwa na unene wa karibu milimita 7. Ule wa lori ulikuwa milimita 10. Kumi mara kumi mara kumi ni 1,000. Saba mara saba mara saba ni 343. Ubapa mmoja wa lori, basi, ulikuwa na ugumu wa karibu bapa zake tatu. Furushi la bapa tano likawa kama furushi la karibu nane. Hakuongeza kidogo, kama alivyodhani. Aliongeza zaidi ya nusu ya ugumu wote.

Na springi ngumu chini ya gari jepesi hucheza haraka. Kama uzito uliopo unaizamisha springi kwa sentimita 10, gari litapanda na kushuka karibu mara 1.6 kwa sekunde, mwendo ambao mwili wa binadamu unauvumilia na tairi linaweza kuufuata. Ikizama sentimita 4 tu, huwa ni mara 2.5 kwa sekunde. Hapo tairi haliifuati tena ardhi, linarukaruka juu yake, na tairi lililo hewani haliwezi kufunga breki wala kukata kona. Mtu akisema gari tupu linamtingisha figo, anataja hesabu hiyohiyo bila tarakimu.

Siku ile ya Kyondo gari lilifungwa mbao na kamba, likaburuzwa polepole hadi Bwera. Jamaa mmoja akamwelekeza kwa mzee aliyekuwa akitengeneza magari ya wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Kongo kwenda Kasindi, mtu aliyejifunza kazi upande wa Kongo na aliyeiita springi kwa jina lililotokana na Kifaransa, resori. Mzee hakuanza na gari. Aliomba vipande, akavipangusa kwa kitambaa chenye dizeli, akavilaza juu ya gunia.

“Mutoto wangu, angalia kwenye ilikatika.”

Dereva akatazama. Ubapa mkuu ulikuwa umekatika pale hasa ncha ya ubapa wa lori ilipokuwa inaishia.

“Naona, mzee.”

“Na vile vyuma vya kufunga viko wapi?”

Havikuwapo. Vilikuwa vimebaki gereji, labda bado vipo.

Maelezo yake yalichukua mchana mzima, na dereva anasema hajawahi kupewa darasa zuri kama lile. Kamani, mzee alionyesha kwa mikono, hufanya kazi pande mbili. Gari likishuka, bapa zote hukandamizana na kusaidiana. Lakini gurudumu likining'inia, kama linapotumbukia mferejini, ekseli huvuta kwenda chini, na ubapa mkuu peke yake hubaki umeshika uzito wote wa ekseli, gurudumu na breki, ukipindishwa upande usio wake. Vibanio vipo kwa ajili ya dakika hiyo: huzilazimisha bapa za chini zishuke pamoja na ile ya juu. Bila vibanio, ubapa mkuu ulikuwa ukijipinda mwenyewe kila shimo, na kwa kuwa chini yake palikuwa na chuma kinene kisichopinda, mpindo wote ulikusanyika mahali pamoja, penye ncha yake. Bodi ikiwa imejaa, gurudumu lilining'inia mara chache. Bodi ikiwa tupu na springi ikiwa ngumu, lilining'inia kila mara. Chuma kilichoka wakati gari linarudi nyumbani.

Kisha mzee akaupima ubapa wa lori kwenye sakafu. Ulikuwa umenyooka, mkunjo wa gereji umepotea. Chuma cha springi hupewa ukali wake kiwandani kwa kupashwa moto, kupozwa ghafla na kupashwa tena kwa kipimo. Ukikirudisha kwenye makaa hadi kiwe chekundu na kukiacha kipoe chenyewe, kinakuwa chuma cha kawaida, kama cha jembe. Anayetaka kurudisha mkunjo hukikunja kikiwa baridi, kwa mashine, hatua kwa hatua. Ubapa ule, kumbe, ulikuwa umebeba gharama yote ya ugumu na haukubaki na faida.

Alipewa furushi jipya la kamani za Hilux, na chini kabisa mzee akaweka ubapa mmoja mfupi ulionyooka, usiogusa wenzake gari likiwa tupu. Ukiweka mzigo, kamani inazama, inaukuta ule wa chini, nao unaanza kusaidia. Magari mengi ya mizigo hutoka kiwandani na msaidizi wa namna hiyo. Ni jibu la zamani kwa swali gumu la pikapu: kuwa laini asubuhi na ngumu mchana. Boliti za U ziliwekwa mpya, na alitakiwa arudi baada ya kilomita mia chache zikazwe tena, kwa sababu furushi jipya hukaa na kupungua. Alirudi. Ni wachache wanaorudi, na boliti iliyolegea huiachia kamani icheze juu ya tundu lake la katikati, mahali palipo dhaifu kuliko pote.

Mwaka 2015 aliiuza LN106 akanunua Hilux ya kizazi kilichoanza mwaka 2005, dabo kebini, nyuma kamani na mbele springi za koili. Huu ni ulimwengu mwingine. Koili ni waya mnene uliosokotwa. Ukiukandamiza, waya hujisokota. Hauna msuguano wa bapa kwa bapa, kwa hiyo huitikia jiwe dogo ambalo kamani kavu ingelipuuza. Range Rover ya kwanza, mwaka 1970, ilizishangaza barabara mbovu za dunia kwa koili kwenye magurudumu yote manne na safari ndefu ya gurudumu juu na chini. Toyota iliileta koili mbele ya Land Cruiser pikapu, ile ya 79, mwaka 1999, ikaacha kamani nyuma. Nissan ilithubutu zaidi mwaka 2015, ikaweka koili hata nyuma ya matoleo mengi ya Navara. Lakini koili haishiki ekseli. Inahitaji mikono na fimbo za kuielekeza, kila mmoja na bushi zake, na kila bushi ni kitu kitakachokufa kwenye vumbi la Kikorongo.

Akalirudia kosa lake la zamani kwa sura mpya. Alipanga kuweka ngao ya chuma mbele, yenye uzito wa kilo 50 au 60, akatangulia kununua koili nzito za kuibeba. Springi za aina hiyo huuzwa kwa ngazi za mzigo wa kudumu. Chapa kama Old Man Emu ya Australia huwa na koili zaidi ya moja kwa gari lilelile, moja ya pua tupu, nyingine ya pua yenye chuma. Fedha za ngao zikaenda kwenye ada ya shule. Koili zikabaki.

Kwa miaka miwili aliendesha gari lililoinua pua, linalogonga kila kokoto, na matairi ya mbele yakaliwa ukingoni. Na kwenye koili hesabu ni kali kuliko kwenye kamani, maana ugumu hukua kwa kipeo cha nne cha unene wa waya. Waya wa milimita 15 badala ya 14, tofauti ambayo jicho halioni, ni ugumu wa asilimia 32 zaidi. Mtu anayenunua koili kwa kuzitazama dukani ananunua gizani. Aulize imeundwa kwa kilo ngapi.

Mwezi Mei 2020 mito ya Kasese ilifurika. Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha ilivunja kingo, ikabeba nyumba, madaraja na sehemu kubwa ya hospitali ya Kilembe, wakati ambapo nchi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Dereva alipata kibali cha kubeba posho na mablanketi kwa waliohifadhiwa mashuleni. Mahali palipokuwa na barabara palikuwa na mawe ya mviringo, mengine makubwa kama ng'ombe aliyelala, na matope katikati yake. Huko ndiko alikojifunza kutazama magurudumu badala ya injini. Land Cruiser moja ya 79 iliyotangulia mbele yake ilipita ikijikunja: gurudumu la mbele likipanda jiwe, la nyuma lilikuwa bado limekanyaga chini. Lake, kwa koili zile ngumu, liliinua gurudumu la mbele likabaki linazunguka hewani kama la baiskeli iliyopinduliwa. Nguvu ya injini huenda kwenye gurudumu lisilogusa kitu, na gari linasimama. Kuvuka mawe hakuhitaji springi ngumu. Kunahitaji springi itakayokubali gurudumu moja liende juu na jingine liende chini, na shokapu nzima ya kuzuia mrudisho. Aliposhusha mzigo siku ya tatu alizitoa zile koili, akarudisha za kiwandani, ambazo mke wake alikuwa amezihifadhi nyuma ya jiko.

Kuvuta tela ni habari ya tofauti, na kwa maoni ya makala haya ndiko watu wanakoielewa springi vibaya kuliko kote. Mwaka 2016 aliombwa kuhamisha mtumbwi mkubwa wa mbao kutoka Katunguru hadi Katwe. Tela lilikuwa la ekseli moja, limeundwa kwa mabaki ya pikapu nyingine. Mtumbwi ukapakiwa, nyuma ya Hilux ikaketi, usukani ukawa mwepesi kama wa mashua. Kila aliyesimama pale alitoa ushauri uleule: ongeza kamani.

Yeye alikumbuka gunia la Bwera na vipande juu yake, akaamua kupima kwanza. Akaazima mizani ya saa, ile ya kuning'iniza ambayo wanunuzi wa kahawa hupimia magunia, wakaifunga kwenye nguzo iliyobebwa na wanaume wanne, wakainua shingo ya tela. Mshale ukasimama kwenye kilo 190.

Sasa fikiria ule mzani wa ubao ambao watoto huukalia uwanjani. Kulabu ya tela haiko juu ya ekseli ya nyuma. Iko nyuma yake, kwenye gari lake kama mita 1.2. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya Hilux hiyo kuna milimita 3,085. Kilo 190 zikikandamiza pale nyuma, ekseli ya nyuma haipati kilo 190. Inapata karibu 264. Zile 74 za ziada zinatoka wapi? Zinanyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele, yale yanayokata kona na kufanya kazi kubwa ya breki. Ndiyo maana usukani ulikuwa mwepesi.

Kamani ngumu ingefanya nini hapo? Ingeinua bodi, gari lingeonekana limenyooka, na taa zingerudi barabarani. Uzito usingerudi mbele. Kilo 74 zingebaki zimeondoka palepale, zimefichwa na mwonekano mzuri. Mifuko ya hewa inayowekwa kati ya chesisi na ekseli ni vilevile: husaidia kusawazisha urefu, na kwa mzigo wa wastani ni kifaa kizuri, lakini hukusanya mkandamizo kwenye sehemu moja ndogo ya chesisi. Australia, ambako pikapu huvuta nyumba za magurudumu umbali mrefu, chesisi zilizopinda nyuma ya kabini ni hadithi inayojulikana na mafundi.

Dawa ya siku ile haikugharimu shilingi. Mtumbwi ulisukumwa nyuma kidogo juu ya tela, ukafungwa, ukapimwa tena: kilo 120. Hiyo ilikuwa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela na mtumbwi, kiasi ambacho wavutaji wengi hukitumia kama mwongozo. Ukipunguza mno, kulabu inakuwa nyepesi, na tela huanza kuyumba kama mkia mwendo ukizidi, hatari kubwa kuliko ile ya kwanza. Wakaenda polepole. Pale inapoanza murramu walikuta nyati wamelala kando ya njia, wakawasubiri.

Ikumbukwe pia kwamba vipimo vya kiwanda havipandi kwa sababu springi imepanda. Hilux za kizazi cha mwaka 2015 katika nchi nyingi zimeidhinishwa kuvuta hadi kilo 3,500, tela likiwa na breki zake. Lisipokuwa na breki ni kilo 750 tu. Namba hizo zimekokotolewa kwa chesisi, kulabu, breki, ekseli na upozaji wa injini pamoja. Mtu anayebadilisha kamani peke yake amebadilisha kimoja kati ya vingi, na kwa kawaida hicho ndicho cha mwisho kuua mtu. Katika mteremko wa Kyarumba breki huungua kabla kamani haijalalamika.

Jambo moja la kwao halimo kwenye vitabu vya watengenezaji. Chumvi ya Katwe hupakiwa ikiwa na unyevu, na maji yake hutiririka kupitia bodi hadi chini. Kamani za magari ya chumvi huliwa na kutu, na kutu haili sawasawa; huchimba vishimo vidogo, na kila kishimo ni mahali ufa unapoanzia. Dereva ameona kamani za magari ya chumvi zikichoka mapema sana kuliko za magari ya kahawa yanayopita njia mbaya zaidi. Tangu alipoligundua hilo, akishusha chumvi Mpondwe huosha chini ya gari kwa maji matamu kabla ya kupakia kitu kingine. Vijana wa kuosha magari hushangaa mteja anayelala chini kuwaonyesha mahali pa kumwaga maji.

Mpaka umebadilika tangu siku za gunia la mzee. Juni 2021 marais wa Uganda na Kongo walikutana Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara za upande wa pili, ikiwamo ya Kasindi hadi Beni yenye kilomita 80. Malori makubwa yamechukua sehemu ya mizigo iliyokuwa ya pikapu. Kilichobaki kwa pikapu ni milima na maziwa, yaani ubaya wa njia na udogo wa shehena, kazi inayotaka springi laini zaidi ya ilivyokuwa. Akiulizwa leo na vijana wanaoanza, huwajibu kwa maswali: katika siku kumi, ni siku ngapi unajaza? Unarudi na nini? Una tela, na shingo yake ina kilo ngapi? Kijana akisema anajaza siku mbili kati ya kumi, humshauri abaki na kamani za kiwandani, aongeze ule ubapa mfupi wa msaada, anunue shokapu nzuri, na siku hizo mbili aende mara mbili.

Chini ya kiti chake hukaa kijiti cha mkaratusi chenye alama tatu za kisu: urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi gari likiwa tupu, likiwa na mzigo wa kawaida, na likiwa na tela. Hupima pande zote mbili kila alfajiri kabla ya kuondoka Katunguru, wakati wachuuzi wa samaki bado wanabishana bei. Msimu wa mvua uliopita upande wa kulia ulisimama kwenye alama yake, wa kushoto ukawa chini kwa upana wa kidole gumba. Akazima injini, akatandika gunia, akaingia chini na tochi. Ubapa wa pili ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye kishimo cha kutu. Akatoka, akajipangusa magoti, akamwambia kijana wake ashushe makasha yote ya samaki na amtafutie gari jingine lenye nafasi kabla barafu haijayeyuka.